Mkono Uliokatazwa: Wachongaji Wasioona katika Historia ya Sanaa ya Kugusa

Katazo la kugusa, ambalo leo hukutwa katika takriban kila jumba la makumbusho, huchukuliwa na wengi kuwa jambo la tangu na tangu, kana kwamba sanamu ilizaliwa pamoja na kamba inayoizunguka. Kwa kweli desturi hiyo ni changa, kwa kuwa katika Ulaya, ambako majumba hayo yalianzia, haijatimiza miaka mia tatu, na ilipokuwa ikijengeka walikuwapo tayari wasanii wasioona ambao kazi yao yote ilitegemea kile kile kilichokuwa kikipigwa marufuku. Historia ya wasanii hao na historia ya katazo lenyewe zimezoea kuandikwa mbalimbali, ya kwanza kama mkusanyiko wa maajabu na ya pili kama habari za utunzaji wa mali, ilhali zinafahamika vizuri zaidi zikisomwa pamoja. Zikisomwa hivyo, huonekana kwamba kwa muda mrefu mno wataalamu waliuliza kama kipofu anaweza kutengeneza kitu kinachofanana na kile anachokiona mwenye macho, na kwa kuuliza hivyo wakapitwa na jambo kubwa zaidi, yaani kwamba mkono una maarifa yake kuhusu umbo, nayo si nakala hafifu ya maarifa ya jicho.

Wa kwanza kuacha kumbukumbu za kutosha ni Giovanni Gonnelli, aliyezaliwa mwaka 1603 katika mji mdogo wa Gambassi, eneo la Toscana nchini Italia, na aliyepata mafunzo mjini Firenze chini ya Pietro Tacca, mchongaji mkuu wa watawala wa ukoo wa Medici. Kutoka hapo aliingia katika utumishi wa ukoo wa Gonzaga wa Mantova, mji ambao mwaka 1630, baada ya mzingiro mrefu ulioandamana na njaa na tauni, ulitekwa na kuporwa na majeshi ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, na ni kwa sababu ya dhiki za mzingiro huo kwamba alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana. Filippo Baldinucci, aliyeandika wasifu wa wasanii wengi wa zama hizo, anasimulia kwamba Gonnelli alirudi kwao na kukaa muda bila kushika kazi, kisha akajaribu upya kwa kuipapasa sanamu ya Mtawala Cosimo I na kuirudia kwa udongo, na matokeo yakawashangaza waliomjua hata jina lake likaenea. Kufikia mwaka 1637 alikuwa Roma, ambako alifinyanga kwa udongo uliochomwa sanamu ya kichwa na mabega ya Papa Urban VIII, nayo ingalipo katika jumba la ukoo wa Barberini, ukoo alikotoka papa huyo.

Uchaguzi wa udongo haukuwa wa bahati. Mchongaji wa marumaru huondoa jiwe kwa patasi na nyundo, kiasi kwamba chuma husimama kati ya kiganja na umbo, na kipande kikishabanduka hakirudishiki, lakini mfinyanzi huongeza na kupunguza kwa ncha za vidole zile zile anazopimia, hivyo kupima na kutenda huwa tendo moja. Upana wa paji, kina cha tundu la jicho na umbali kati ya pua na mdomo vinaweza kushikwa kwa nafasi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha nafasi hiyo ikahamishiwa kwenye udongo kabla haijasahaulika. Gonnelli, ikumbukwe, alikuwa na jambo jingine la kumsaidia: alikuwa ameona na kufinyanga kwa miaka mingi kabla ya upofu, kwa hiyo mikono yake ilikuwa imekwisha kufundwa, na jicho lilipoondoka lilikuta fundi wa pili ndani ya nyumba.

Watu wa zama zake hawakuridhika na maelezo ya namna hiyo, wakataka kuhakikisha kwamba hakuna hila. Mwandishi Mfaransa Roger de Piles, katika kitabu chake juu ya misingi ya uchoraji kilichotoka mwaka 1708, anaeleza alivyomkuta Roma mchongaji kipofu wa kutoka Gambassi, na anataja kuwa bwana mmoja mkubwa, kwa kutoamini, alimfungia katika chumba cha chini chenye giza na kumtaka afinyange uso wake humo, jambo ambalo fundi alilifanya bila shida, maana giza halikuwa na kitu cha kumnyang'anya. Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi kwa sababu kinafurahisha, lakini kinaonyesha pia udhaifu wa sifa alizopewa Gonnelli, kwa kuwa kila aliyemsifu alipima kazi yake kwa kipimo kimoja tu, yaani mfanano, na hakuna aliyejiuliza kama kichwa kilichotengenezwa kwa vidole kina jambo la kusema ambalo kichwa kilichotengenezwa kwa macho hakina.

Mchoraji Jusepe de Ribera, Mhispania aliyeishi Italia, alikaribia swali hilo kuliko waandishi. Katika mfululizo wake wa picha za milango mitano ya fahamu, aliouchora Roma yapata mwaka 1615, mlango wa kugusa unawakilishwa na mzee kipofu anayekipapasa kichwa cha sanamu kwa mikono miwili, huku juu ya meza mbele yake kukiwa na picha ya rangi iliyolala bure, kwa kuwa ubapa wake haumwambii chochote. Ribera aliirudia mada hiyo mwaka 1632, na picha hii ya pili, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni sura ya Gonnelli mwenyewe. Aliyechora alikuwa mtu wa rangi na brashi, na bado alikubali kuonyesha mahali ambapo ufundi wake unakoma na wa mchongaji unaendelea. Huo ni uungwana wa nadra katika karne ambayo wachoraji na wachongaji waligombana bila kuchoka juu ya nani mkubwa.

Wanafalsafa waliingia baadaye. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin, ambaye mke wake alikuwa kipofu, alimwandikia John Locke akiuliza kama mtu aliyezaliwa haoni, ambaye kwa kugusa amejifunza kutofautisha tufe na mchemraba, angeweza kuvitambua kwa macho pekee endapo angepata kuona ghafla, na Locke akalichapisha swali hilo, pamoja na jibu la kukana, katika toleo la pili la kitabu chake kikuu mwaka 1694. Mjadala uliofuata ulidumu kwa vizazi, lakini kwa sehemu kubwa uliendeshwa na watu wenye macho waliokuwa wakiwazia kipofu wa kubuni. Denis Diderot alijitofautisha alau kwa kumwendea mtu halisi, mkazi wa Puiseaux, na kumsikiliza, na katika barua yake ya mwaka 1749 juu ya vipofu anaeleza jinsi mtu huyo alivyoona heri kuwa na mikono mirefu zaidi kuliko kupewa macho. Maandishi hayo, kwa kuonekana yanatikisa imani ya dini, yalichangia mwandishi wake kufungwa katika ngome ya Vincennes. Johann Gottfried Herder, katika kitabu chake cha mwaka 1778 juu ya uchongaji, alisonga mbele zaidi akidai kwamba uchoraji ni wa jicho lakini uchongaji kwa asili ni wa mkono, na kwamba mtazamaji anayeizunguka sanamu anajaribu kufanya kwa macho kazi ambayo vidole vingeifanya kwa mguso mmoja.

Herder aliandika hayo wakati ambapo kugusa kulikuwa bado jambo la kawaida kwa mgeni wa makumbusho. Jumba la Ashmolean lilipofunguliwa Oxford mwaka 1683, wageni walishika vitu kwa mikono yao, na msafiri Mjerumani Zacharias Conrad von Uffenbach, aliyelitembelea mwaka 1710, alinung'unika kwamba watu wa kila namna, kwa malipo kidogo ya kiingilio, walikuwa wakirukia vitu na kuvikamata huku na huku. Mwaka 1786 Sophie von La Roche, mwandishi wa riwaya, alishika vyombo vya kale katika makumbusho ya taifa mjini London na kueleza kwa hisia nzito ukaribu aliousikia kwa watu waliovitumia zamani. Kilichobadilisha hali ni wingi wa watu: katika karne ya 19 majumba yaliyokuwa ya mabwana wachache na marafiki zao yakafunguliwa kwa umma, na walinzi wakaogopa jasho, uchafu na wizi, hofu ambayo haikukosa msingi, kwa kuwa marumaru hunyonya mafuta ya ngozi na shaba nyeusi hung'arishwa na viganja. Lakini ndani ya hofu hiyo lilikuwamo pia wazo la kitabaka, kwamba mtu aliyestaarabika hutazama na mtu wa chini hushikashika, na kwa wazo hilo kipofu akajikuta amewekwa upande wa wasiostaarabika bila kosa lolote.

Shule za wasioona, zilizoanza katika kipindi hicho hicho, hazikumsaidia sana msanii. Valentin Haüy alifungua ya kwanza mjini Paris katika miaka ya 1780 na Johann Wilhelm Klein akaanza ya Vienna mwaka 1804, na ingawa shule hizo ziliinua hadhi ya wasioona kwa kiasi kisichopimika, hasa baada ya Louis Braille kuchapisha mfumo wake wa nukta mwaka 1829, kazi za mikono zilizofundishwa zilikuwa kusuka vikapu, kutengeneza brashi na kuwamba viti kwa kamba, yaani kazi za kumpatia mtu riziki. Muziki ulihesabiwa kuwa sanaa ya kipofu, uchongaji haukuhesabiwa. Waliochonga walifanya hivyo nje ya mfumo, kama Joseph Kleinhans wa Nauders katika milima ya Tirol, aliyepofushwa na ndui utotoni na ambaye alichonga misalaba na sanamu za kidini kwa mbao hadi uzeeni, au Louis Vidal, Mfaransa mwanafunzi wa Antoine-Louis Barye, aliyefinyanga wanyama na kuwaonyesha katika maonyesho rasmi ya Paris. Vidal alikuwa akitia sahihi kazi zake kwa jina lake likifuatwa na neno lenye maana ya kipofu, na si rahisi kusema leo kama lilikuwa tamko la fahari au matakwa ya soko lililopenda maajabu; pengine lilikuwa yote mawili.

Mlango wa makumbusho ulianza kufunguka tena mahali ambapo wachache wangetarajia, katika mji wa viwanda na meli wa Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Msimamizi wa makumbusho ya mji huo, J. A. Charlton Deas, aliwaalika watoto wa shule ya wasioona ya halmashauri kushika baadhi ya vitu, na mwitikio ulikuwa mkubwa hata akapanua mpango huo kwa watu wazima, na mwaka 1913 akaueleza mbele ya wakuu wenzake wa makumbusho. Picha zilizopigwa wakati huo zinaonyesha watoto wakipapasa wanyama waliokaushwa na mifupa, wakiwa wamezunguka kila upande bila kamba wala kioo. Jambo lenye uzito zaidi ni lile lililofuata darasani, kwa sababu watoto walipewa udongo na kutakiwa kufinyanga kile walichokishika, na kwa namna hiyo Deas aliunganisha mambo mawili yaliyokuwa yametenganishwa kwa zaidi ya karne, yaani kupokea umbo na kulitengeneza. Vidole vinavyojua kwamba vitaulizwa baadaye hupapasa kwa namna tofauti na vidole vya mgeni anayepita. Hutafuta viungo, huhesabu, hurudia.

Hata hivyo, Sunderland iliendelea kupima kwa mfanano. Aliyelivunja swali hilo la kale ni Viktor Lowenfeld, aliyezaliwa Linz, Austria, mwaka 1903, akasomea sanaa Vienna kwa mwalimu aliyekuwa akiwafunga wanafunzi vitambaa usoni ili wafinyange bila kuona, na kisha akaanza kufundisha katika taasisi ya Kiyahudi ya wasioona iliyokuwa Hohe Warte, pembezoni mwa mji huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakuu wa taasisi hawakuamini kwamba wanafunzi wao wangeweza kubuni chochote, na aliruhusiwa kujaribu tu. Mwaka 1934 yeye na mwanahistoria wa sanaa Ludwig Münz walichapisha kitabu juu ya sanamu za wanafunzi hao, na mwaka 1939 Lowenfeld akatoa London kitabu kingine kinachoeleza nadharia yake kwa ukamilifu zaidi.

Alichokiona kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Wanafunzi aliowapa udongo ili wafinyange kichwa cha mtu hawakufuata njia moja. Baadhi yao, hasa waliokuwa na kumbukumbu ya kuona, walianza na donge zima na kulichonga kutoka nje, wakitafuta umbo la jumla kabla ya sehemu zake. Wengine, wakiwamo waliozaliwa hawaoni, walianza ndani: walichimba matundu ya macho, wakatengeneza mboni kama vidonge vya mviringo na kuvitia humo, wakavifunika kwa kope, kisha wakaongeza mikunjo na nyusi, wakafungua pango la mdomo, wakapanga meno na kuweka ulimi, ndipo wakaziba kwa midomo. Sehemu nyingi kati ya hizo hazionekani kazi inapokamilika, na kwa mtu anayeamini kwamba sanamu ni ngozi ya nje tu, juhudi hiyo ni ya bure. Lakini mwanafunzi hakuwa akitengeneza uso unaotazamwa. Alikuwa akitengeneza uso unaohisiwa na mwenye uso, ambaye anajua ulimi wake upo hata midomo ikiwa imefungwa. Ndiyo maana pia vipimo vyao viliwashangaza wenye macho, kwani katika sanamu ya huzuni au ya mtu anayelia kwa kuomba msaada, mdomo na mikono hukua kupita kiasi, kwa kuwa hapo ndipo uchungu unapoishi mwilini.

Kutokana na kazi hizo Lowenfeld alipendekeza kwamba wasanii wote, waonao na wasioona, wamegawanyika katika namna mbili: wanaoanza na sura ya nje wakiwa kama watazamaji, na wanaoanza na mwili wao wenyewe, ambao aliwaita kwa neno lenye asili ya Kigiriki, wahaptiki, yaani watu wa mguso. Mgawanyo huo umekosolewa baadaye kwa kuwa mkali kupita hali halisi, na ukosoaji huo ni wa haki, lakini faida yake kihistoria haipungui, kwa sababu kwa mara ya kwanza kazi ya asiyeona haikuwekwa mwisho wa ngazi ambayo kileleni pamekaa jicho. Ilipewa ngazi yake yenyewe.

Si wote waliokubali. Géza Révész, mwanasaikolojia wa Hungaria aliyefanya kazi Amsterdam, alishikilia katika vitabu vyake, kimoja cha mwaka 1938 na kingine cha mwaka 1950, kwamba mguso hupokea umbo kipande kwa kipande kwa kufuatana na wakati, na kwamba kwa sababu hiyo hauwezi kufikia uzuri wa umbo zima ambao jicho huupata kwa mara moja. Hoja yake ina ukweli wa kimwili, maana ncha ya kidole, ambayo tangu vipimo vya Ernst Heinrich Weber katika miaka ya 1830 inajulikana kutofautisha nukta zilizoachana kwa takriban milimita mbili, hufunika eneo dogo sana kwa wakati mmoja. Lakini muziki nao husikiwa kwa kufuatana na wakati, na hakuna anayedai kwamba wimbo hauna umbo zima.

Mjadala huo haukuweza kuendelea Vienna. Austria ilipomezwa na Ujerumani ya Wanazi mwaka 1938, Lowenfeld, Myahudi, alikimbia na hatimaye kufika Marekani, ambako kuanzia mwaka 1939 alifundisha katika chuo cha Hampton, Virginia, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Taasisi ya Hohe Warte ilifungwa chini ya utawala wa Wanazi, na kitabu cha mwaka 1934 ni miongoni mwa mashahidi wachache wa mikono iliyofanya kazi pale.

Baada ya vita kazi ya namna hiyo ilichipuka Japani. Katika shule ya wasioona ya mji wa Kobe, mwalimu Fukurai Shiro alianza mwaka 1950 kuwapa wanafunzi udongo, akakabiliwa na pingamizi la mtoto aliyetaka kujua atatengenezaje kitu asichowahi kukiona, na miaka mingi ya ualimu wake ikawa ndiyo jibu. Mwaka 1984 ilifunguliwa Tokyo, katika eneo la Shibuya, nyumba ndogo ya sanaa iitwayo Gallery TOM, iliyoanzishwa na wazazi wa mtoto asiyeona ili sanamu ziguswe humo. Huko India, Benode Behari Mukherjee wa Santiniketan, aliyepoteza kuona katika miaka ya 1950 baada ya upasuaji, aliacha brashi na kuanza kukata na kubandika karatasi, na mwaka 1972 akakamilisha ukuta wa vigae vya udongo uliochomwa ambavyo mkono wake uliweza kuvifuata.

Italia, nchi ya Gonnelli, ilirudi kwenye historia hii mwaka 1993, pale Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona na wasafiri waliochoshwa na kukatazwa kugusa katika kila nchi, waliposhirikiana na mji wa Ancona kuanzisha makumbusho ya kugusa yenye jina la Homer, mshairi ambaye mapokeo yanamsimulia kuwa kipofu. Mwaka 1999 bunge liliyafanya kuwa makumbusho ya taifa, na tangu mwaka 2012 yamo katika jengo la karne ya 18 lililoko bandarini. Sehemu kubwa ya hazina yake ni nakala zilizotolewa kwa kalibu, yaani umbo tupu linalochukua alama ya sanamu halisi na kujazwa plasta au resini, na pamoja nazo kuna mifano midogo ya majengo kama Parthenon, ambayo hata mwenye macho hawezi kuyashika kwa ukubwa wake. Nakala hutunza umbo kwa uaminifu lakini hupoteza ubaridi wa marumaru, uzito wa shaba na mikwaruzo ya patasi, na kwa msanii wa mguso hasara hiyo si ndogo kuliko ile ya mchoraji anayeonyeshwa picha isiyo na rangi. Kwa hiyo makumbusho hayo yamejitahidi kukusanya pia kazi za asili, zikiwamo za wachongaji wasioona.

Mmoja wao ni Felice Tagliaferri, aliyepoteza kuona akiwa kijana. Aliponyimwa ruhusa ya kugusa sanamu mashuhuri ya Kristo aliyefunikwa sanda, iliyochongwa na Giuseppe Sanmartino mwaka 1753 na kuwekwa katika kanisa dogo la Naples, aliamua kuchonga Kristo wake mwenyewe mwenye sanda. Hakutumia udongo wa Gonnelli, ambao humsamehe fundi akikosea. Alitumia marumaru na patasi, na kazi ilipokwisha aliiweka mbele ya watu iguswe na yeyote anayetaka, awe anaona au haoni.